Vichwa vya Nyaya za Kompyuta



Tumepata barua ya mzee mmoja wa Msangamkuu, mvuvi, ambaye mwanawe amefungua kijiduka cha kutengeneza kompyuta huku mjini Mtwara. Mzee wetu atuuliza hivi: je, ni kweli kwamba waya wa intaneti waweza kuwa mzima tangu mwanzo hata mwisho, haukukatika wala haukuliwa na panya, na bado usipitishe kitu? Mwanawe amwambia kuwa ubovu uko kichwani mwa waya tu, na kwamba ahitaji shilingi elfu thelathini za kununulia koleo la kubania vichwa hivyo. Baba ana shaka. Aona kana kwamba kijana amebuni hadithi ili apate fedha.

Twamjibu hapa hapa ukurasani, kwa kuwa swali hili si lake peke yake, na kwa kuwa sisi wenyewe, ambao elimu yetu ni ya chuo cha Kurani na ya shule ya msingi tu, tulikwisha kulipia somo hili kwa gharama kubwa kuliko hiyo elfu thelathini. Tutayasema tuliyojifunza, na aibu yetu hatutaificha.

Mzee, wewe ni mtu wa bahari. Wajua kuwa chombo hakivuji katikati ya ubao. Chombo huvuja maungioni, pale ubao ulipokutana na ubao mwenziwe, na ndiyo maana ikawako kazi ya kalafati, na ndiyo maana fundi wa kalafati huheshimiwa kuliko mpasuaji mbao. Basi na waya ni vivyo hivyo. Waya uliolazwa vizuri ndani ya ukuta waweza kukaa miaka ishirini bila kuguswa na mtu. Lakini kila siku watu huchomeka na kuchomoa vichwa vyake, huvikanyaga, huvipitishia ufagio, na upepo wa chumvi huviingia. Ubovu hutafutwa hapo kwanza.

Tuanze na waya wenyewe. Ukiupasua ule unaounganisha kompyuta na kompyuta, utakuta ndani yake nyaya nane nyembamba, nazo zimesokotwa mbili mbili, kwa hiyo ni jozi nne. Watu wengi hudhani kuwa kusokotwa huko ni kwa ajili ya uimara, kama kamba ya nazi. Sivyo. Katika kila jozi, waya mmoja huchukua ishara na wa pili huchukua ishara ile ile iliyogeuzwa, huyu akipanda mwenziwe hushuka. Makelele ya umeme yatokayo kwenye taa, feni na mashine huzipiga zote mbili kwa usawa, kwa kuwa zimekumbatiana. Na chombo kilichoko mwisho wa waya huangalia tofauti tu iliyoko baina ya hizo mbili, basi makelele hujifuta yenyewe. Jozi ikisokotoka, au waya wa jozi hii ukiozeshwa na waya wa jozi nyingine, kinga hiyo huondoka. Tafadhali msomaji ushike neno hili la jozi, maana ndilo lililotuangusha sisi.

Kichwa chenyewe, ambacho mafundi hukiita konekta, ni kipande cha plastiki inayong'aa kama kioo, chenye meno manane ya shaba yaliyopakwa dhahabu kidogo sana, na ulimi mmoja wa kukishika ndani ya tundu lake. Jina lake mtaani ni RJ45. Wajuzi hutuambia kwamba jina hilo kwa asili lilikuwa la tundu jingine, la mambo ya simu za Marekani, lenye umbo la kufanana na hili. Lakini watu wamelizoea hivyo, na ukienda dukani ukalitaja kwa jina lake halisi, ambalo ni 8P8C, yaani nafasi nane na meno manane, muuzaji atakutazama kama mtu aliyetoka mbali. Sema RJ45 upate mali yako.

Ana ndugu yake mdogo, RJ11, ambaye ni kichwa cha waya wa simu ya mezani. Huyu ni mwembamba zaidi, ana nafasi sita, na aghalabu meno mawili au manne tu. Watoto humchomeka katika tundu la kompyuta kwa kuwa huingia. Huingia kweli, lakini plastiki ya pembeni yake yaweza kuyapinda meno ya mwisho ya tundu, na tundu likipindwa meno halitoi sauti wala moshi. Utakuja kulijua siku utakapochomeka kichwa chake cha haki nacho kikakataa.

Sasa tueleze mpangilio wa rangi, kwani hapa ndipo kazi ilipo. Jozi nne zina rangi nne: chungwa, kijani, buluu na kahawia, na katika kila jozi waya mmoja ni wa rangi kamili na wa pili ni mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Ukikishika kichwa hali ulimi wake uko chini na mdomo wake waelekea mbele, meno yako juu, basi huhesabiwa kuanzia kushoto. Mpango unaotumika sana, ambao mafundi huuita T568B, ni huu: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Uko na mpango wa pili, T568A, ambao chungwa na kijani hubadilishana mahali pao. Yote miwili ni sahihi, wala hapana ulio bora. Lakini ncha mbili za waya mmoja zifuate mpango mmoja.

Msomaji mwenye jicho atauliza: mbona kijani imetenganishwa, mmoja yuko nafasi ya tatu na mwenziwe yuko nafasi ya sita, na katikati yao wameketi buluu wawili? Je, isingekuwa nadhifu kuzipanga rangi kwa mfululizo, chungwa na chungwa, kijani na kijani, buluu na buluu? Ingekuwa nadhifu, naam. Nasi tulimpata fundi aliyependa unadhifu.

Habari yenyewe ni hii. Katika chumba kilicho ubavuni mwa msikiti wetu tuna kompyuta tano za zamani, walizotupa wahisani, ambazo vijana wa mtaa huzitumia jioni baada ya darasa. Huandika barua za kuomba kazi, husoma, na unapofika msimu wake hujaza maombi ya vyuo na ya mikopo ya masomo, maana siku hizi mambo hayo yote hupitia kwenye mtandao, na vyeti hutakiwa vipigwe picha vikapandishwe huko. Mwaka mmoja tulipokwisha kukarabati ukuta, hapakuwa na budi waya ubadilishwe kutoka ofisini hadi darasani, mwendo wa mita sitini hivi. Tukamwita fundi. Akaja na boksi lake, akafanya kazi mchana mmoja, akachomeka kile kipimo chao chenye taa nane. Taa zikawaka moja, mbili, tatu, hata nane, kwa utaratibu, nasi tukamshukuru, tukamlipa, akaenda zake.

Kesho yake kompyuta zikaanza vituko. Hushika mtandao, huuachia. Hushika tena, huuachia. Ukifungua ukurasa wenye maandishi machache wafunguka, ukijaribu kupandisha picha ya cheti yakwama katikati. Fundi akarudi, akapima tena, taa nane zikawaka tena. Akasema, waya wangu ni mzima, mmeona kwa macho yenu, basi swichi yenu ndiyo iliyokufa. Swichi ni kile kisanduku kinachogawa njia kwa kompyuta zote. Kamati ikakutana. Tukatoa shilingi laki moja na sitini elfu katika fedha zilizochangwa kwa ajili ya bati la choo cha wanafunzi, tukanunua swichi mpya. Vituko vikaendelea vile vile.

Palikuwapo binti mmoja katika darasa la jioni, aliyewahi kusoma mafunzo ya ufundi ya muda mfupi. Mara mbili alituambia, kwa adabu, kwamba angependa kukitazama kile kichwa cha waya. Nasi mara mbili tukamjibu kuwa kazi ile anayo fundi aliyelipwa, yeye na ashughulike na somo lake. Twaliandika jambo hili kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa. Siku zikapita, dirisha la maombi likafungwa, na kijana mmoja katika wale wetu, yatima alelewaye na bibi yake, akawa hajamaliza kupandisha vyeti vyake. Wenziwe walikimbilia kwenye maduka ya mjini wakalipia. Yeye hakuwa na cha kulipia, na alikuwa akitutegemea sisi. Mwaka ule akaushinda akibeba mifuko ya saruji.

Baada ya hayo ndipo tulipomwachia binti yule akitazame kichwa cha waya. Hakutumia kipimo chochote. Alikielekeza dirishani penye mwanga, akaisoma rangi kupitia plastiki, akacheka kidogo, kisha akanyamaza kwa kuona sisi hatucheki. Fundi alikuwa amezipanga rangi kwa mfululizo, jozi baada ya jozi, ncha zote mbili. Kwa hiyo kila waya ulitoka nafasi yake ukafika nafasi ile ile upande wa pili, na taa nane ziliwaka kwa haki kabisa, maana kipimo kile hujua jambo moja tu: je, waya umefika? Hakijui kuuliza, umefika pamoja na nani?

Akatueleza kuwa kompyuta huzitumia nafasi ya kwanza na ya pili kama jozi moja, ya nne na ya tano jozi moja, ya saba na ya nane jozi moja, na ya tatu na ya sita jozi moja. Ndivyo ilivyo kwa sababu nafasi mbili za katikati ziliachiwa waya wa simu tangu zamani, basi jozi nyingine ikalazimika kuzizunguka. Katika waya wetu nafasi ya tatu ilikuwa ya kijani na ya sita ilikuwa ya buluu: watu wawili wasiojuana wamepewa mzigo mmoja waubebe. Hawakusokotwa pamoja, makelele hayafutiki, na katika mita sitini makelele yakashinda. Lau waya ungekuwa wa mita mbili huenda tusingegundua lolote.

Alikata ncha mbili, akatia vichwa vipya viwili. Kichwa kimoja dukani ni shilingi mia tano.

Hatumhesabu fundi yule kuwa mwizi. Aliamini alichokisema, na alipoelezwa alikuja akaomba radhi, na tangu siku ile hupanga rangi kama ipasavyo. Hasara yetu ilitokana na yeye kutojua, na sisi kukataa kumsikiliza aliyejua.

Basi kwa vijana wanaotaka kuishika kazi hii, yako mambo tuliyoyaona kwa binti yule yanayofaa kuandikwa. Ganda la nje lisimenywe mbali. Nyaya zisisokotolewe kupita sentimita moja na kitu, na ganda lenyewe liingie ndani ya kichwa, ili kile kibano cha plastiki kilichoko nyuma kilikamate ganda na si nyaya. Kichwa ambacho nyaya zake zaonekana nje kama utumbo wa samaki ni kichwa kitakachokufa mapema, kwani kila avutapo mtu, uzito wote huangukia uzi wa shaba. Nyaya zote nane zikatwe sawasawa kwa mara moja, zisukumwe hata zionekane zimegusa mwisho wa kichwa, ndipo koleo libanwe kwa nguvu mpaka mwisho wake. Kadhalika viko vichwa vilivyotengenezwa kwa waya mgumu wa uzi mmoja, na viko vya waya laini wa nyuzi nyingi. Muulize muuzaji, naye akiwa hajui, nenda kwa mwingine.

Wako watakaosema kwamba nyaya nane ni nyingi, nne zatosha. Katika mtandao wa kasi ya zamani zilitumika nne tu kweli, nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita. Kasi ya siku hizi yazitaka zote nane. Ndiyo maana wakati mwingine waya mmoja wa kahawia ukikatika ndani ya kichwa mtandao hauzimi, bali hupungua kasi mara kumi, na mwenye duka hulaumu kampuni ya intaneti mwezi mzima ilhali kosa liko chini ya meza yake.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada. Kutoka Mikindani hata Msimbati, na kote kunakoelekea mdomo wa Ruvuma, hakuna chuma kisichojua habari ya chumvi. Dhahabu haipati kutu, lakini dhahabu ya vichwa hivi ni utando tu, na katika vile vya bei ya chini kabisa ni utando wa utando. Kikichomekwa na kuchomolewa mara nyingi hukwanguka, shaba ya ndani ikapata ukijani, na hapo mguso huwa wa kubahatisha. Tundu lisilotumika lifunikwe. Kichwa chenye ukijani kisikwanguliwe kwa kisu; kikatwe, kitiwe kingine. Na ulimi ukivunjika, jambo linalotokea kila mara waya unapovutwa kinyumenyume kati ya nyaya nyingine, usiweke kipande cha njiti ya kiberiti. Tumeona njiti hizo. Hata katika ofisi za heshima tumeziona.

Tahadhari na waya wa kughushi pia. Uko waya unaouzwa kwa jina la shaba kumbe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ni mwepesi, ni wa bei rahisi, hukatika ukikunjwa mara chache, na meno ya kichwa hayaushiki vizuri kwa muda mrefu. Ukitumika kupelekea umeme kwenye kamera za ulinzi, kama ifanyikavyo siku hizi kwa waya huo huo mmoja, huweza kupata joto kupita kiasi. Kipimo chake ni rahisi: kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, umepimiwa kwa kangomba, na wakulima wa korosho wa mkoa wetu hawahitaji kufasiriwa neno hilo.

Kabla ya vichwa hivi vilikuwako vingine. Mtandao huu wa waya, uitwao Ethernet, ulibuniwa mwaka 1973 huko California, Marekani, katika maabara ya kampuni ya Xerox, na waliosifika kwa kazi hiyo ni Robert Metcalfe na David Boggs. Waya wao ulikuwa mnene kama kidole, mmoja kwa wote, na kompyuta iliunganishwa kwa kuuma: kifaa chenye sindano kilibanwa juu ya waya mpaka sindano ikaifikia shaba ya katikati. Baadaye ukaja waya mwembamba zaidi wenye vichwa vya mviringo vya chuma viitwavyo BNC, ambavyo husukumwa na kuzungushwa robo mduara vikajifunga. Vijana watavitambua, kwa kuwa hata leo viko nyuma ya kamera za zamani za madukani. Uzuri wake ni kuwa havichomoki. Ubaya wa mtandao wake ni kwamba kompyuta zote zilikaa juu ya kamba moja, na kila mwisho wa kamba ulihitaji kizibo. Mtu mmoja akikiondoa kizibo kwa kufagia, ofisi nzima ilisimama. Mwaka 1990 ilipotolewa kanuni ya kutumia waya wa jozi zilizosokotwa, kila kompyuta ikapata njia yake, na mmoja akiharibikiwa wenziwe huendelea na kazi. Mipaka yake ni mita mia moja kutoka swichi hata kompyuta. Anayetaka kuvuka hapo aongeze swichi nyingine njiani, au ahamie kwenye nyuzi za kioo.

Nyuzi hizo mafundi huziita faiba. Ndani yake hapiti umeme, hupita mwanga, na kwa hiyo radi ya masika, ambayo huufuata waya wa shaba uliovutwa kutoka jengo hata jengo ikaziunguza swichi zote mbili, haina njia ya kupita katika kioo chenyewe. Mkongo wa Taifa uliotufikia Mtwara ni nyuzi za namna hii. Vichwa vyake vina majina ya herufi mbili mbili: ST ni wa mviringo, hufungwa kwa kuzungushwa kama BNC, SC ni wa mraba, husukumwa ukalia, LC ni mdogo, nusu ya SC, una ulimi kama wa RJ45. Vile vinavyoingia majumbani aghalabu ni SC vya rangi ya kijani, na rangi hiyo si pambo. Kijani maana yake ncha ya kioo imekatwa kimshazari, nyuzi nane za pembe, ili mwanga unaorudi usirudi kule ulikotoka. Buluu maana yake ncha ni ya kawaida, haikukatwa mshazari. Ukimwoza kijani na buluu wataingiana kwa nje lakini vioo vyao havitakutana sawasawa, na mwanga mwingi utapotea hapo.

Njia ya mwanga katikati ya uzi huo ni sehemu tisa tu za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Basi chembe moja ya vumbi la mtaa wetu, au mafuta ya kidole, ni sawa na jabali katikati ya barabara. Kichwa cha faiba hakiguswi nchani, hakipulizwi kwa mdomo, na hakiachwi wazi bila kifuniko chake. Na tunawaomba wazazi walizingatie hili: mtoto asitazame ndani ya tundu la faiba wala nchani mwa uzi wake. Mwanga wake hauonekani kwa jicho, hivyo jicho halifumbi kujilinda, na huweza kuliumiza pasipo maumivu ya kumwonya.

Mzee wa Msangamkuu huenda akashangaa kujua kuwa habari hizi zimepita mbele ya nyavu zake tangu zamani. Mwaka 1879 uliwekwa waya wa simu za maandishi chini ya bahari kutoka Aden hata Zanzibar, kisha Msumbiji, mpaka Durban, na kwa hiyo ulipita katika maji ya huku kwetu. Mwaka 2009 ukaja mkongo wa SEACOM wa nyuzi za kioo ukatua Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Wote twaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei, 2024, simu zilipokuwa zikizunguka tu bila kufungua kitu. Siku ile mikongo hiyo miwili ilikatika kwa pamoja katika bahari ya Afrika Kusini, nasi huku tukapata shida kwa siku kadhaa.

Sasa, mkongo ukikatika baharini hautiwi kichwa. Meli huja, huzinasa ncha mbili kwa nanga maalumu, huzipandisha sitahani, na mafundi huziyeyusha nyuzi za kioo kwa cheche ya umeme, uzi mmoja mmoja, mpaka ziwe kitu kimoja tena. Kiungo cha namna hiyo hakifunguki, na hakitakiwi kufunguka. Kichwa hutiwa mahali ambapo mtu atataka kuchomoa kesho, na kila mahali panapochomoka ni mahali panapoweza kulegea. Fundi mwema huweka vichwa pale panapohitaji tu, wala haungi vipande vipande waya ambao ungetosha kuvutwa mmoja.

Kijana wetu wa saruji aliomba tena mwaka uliofuata, katika chumba kile kile, kwa waya ule ule uliotiwa vichwa vya mia tano, akapata. Binti yule sasa ndiye mwenye ufunguo wa chumba, na kamati humlipa kila atengenezapo. Swichi ya laki moja na sitini tunayo, ingali katika boksi lake, nzima kama ile ya kwanza.

Mzee wetu, waweza kumpima mwanao kabla ya kutoa fedha. Mwambie akuonyeshe kichwa kwenye mwanga, akuhesabie rangi nane kutoka kushoto, kisha akuambie mwenziwe wa waya wa tatu ameketi nafasi ya ngapi. Akikujibu kuwa ni ya sita, mpe hizo elfu thelathini.